Kibali cha Kuingia Bila Hodi

Crane Lick, Kentucky
13 Oktoba 2013

Baba Emmett,

Salamu zetu zimechelewa kwa sababu ya meno ya Ida. Anaota mengine, na anataka bonde zima lijue. Nakuandikia huku namtikisa kwa mguu, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani mkweo ameanza kunywa.

Nadine ameniambia sikio lako la pili nalo limezima, na kwamba hutaki ujumbe wa simu kwa kuwa simu ni yake na anasoma kila kinachoingia. Namjua wifi yangu. Basi tutaandikiana hivi, kama watu wa zamani.

Sherifu Burchett amepata gari la vita. Sitanii. Lilikuwa jangwani Iraki, jeshi limelichoka, na serikali inayagawa bure kwa kaunti yoyote itakayonyoosha mkono. Magurudumu yake yananifika kifuani. Jana walilipitisha kwenye sikukuu ya asali ya mtama, nyuma ya bendi ya shule, na watoto wakarushiwa peremende kutoka juu ya paa. Mama yangu akasema kwa sauti, unamjua, "Hilo jokofu la Sherifu linakwenda kumkamata nani? Sisi mwizi wetu mkubwa ni yule rakuni anayekula kuku wa Mchungaji." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wade hakucheka. Wade ndiye aliyekuwa juu ya paa anarusha peremende, amevaa kofia ya chuma.

Mwanao yumo kwenye kikosi kipya cha Sherifu, Baba. Walipelekwa Tennessee kufundishwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga hapa. Ile sare ya kahawia uliyoivaa wewe ameitundika kabatini. Sasa ni nyeusi juu mpaka chini, na fulana ya kuzuia risasi, na bunduki ndefu ya kijeshi. Hata maneno yake yamebadilika. Zamani akirudi kutoka kazini alikuwa ananiambia, "Nilimkuta kijana wa Delphia amelewa barabarani, nikamrudisha kwao." Siku hizi hakuna kijana wa Delphia. Kuna "mlengwa". Jumanne nilizianika hizo nguo nyeusi uani, Ida akaziona zinapepea, akalia mpaka nikazitoa.

Ninachotaka ni kimoja, nakisema wazi ili usihangaike kukitafuta. Nataka Wade arudi nyumbani jioni akiwa mzima, na nataka awe Wade. Nusu ya hicho hainitoshi. Mimi nikisema anasema nimechoka tu, kwa kuwa silali. Ni kweli silali. Lakini macho yangu yanaona. Mwandikie wewe.

Mkweo,
Corinne

*

Toledo, Ohio
21 Oktoba 2013

Binti yangu Corinne,

Mwandiko wako uliopinda umenyooka kuliko wa mwanangu akiwa ameketi kanisani. Mpe Ida ukoko mgumu wa mkate wa mahindi atafune. Wade tulimpa mpini wa kijiko, na ndiyo maana hana adabu mezani.

Gari la vita! Mimi kaunti ilinipa gari kuukuu la Plymouth ambalo mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Nikimkamata mtu nilimwambia ashikilie mlango tusije tukamwagika kwenye kona, na walikuwa wanaushikilia.

Nikuambie tulivyokuwa tunafanya, ili ujue mumeo ametoka katika nini. Nikiwa na hati ya kumchukua mtu huko juu mabondeni, nilisimamisha gari getini, nikazima injini, nikaita hodi na kujitaja jina. "Hodi wenyewe! Ni Emmett Hensley!" Kisha nikasubiri. Unajua mwenyewe, kwetu mtu hasogelei nyumba ya mwenzake kabla hajaitikiwa. Anayesogea kimya ni mwizi, na kila nyumba ina bunduki yake nyuma ya mlango kwa ajili ya huyo. Siku moja nilimfuata Cletus Ratliff, nikamkuta anakula maharage. Akasema, "Emmett, hati yako itaoza nikimaliza sahani?" Nikasema haitaoza. Mkewe akanipakulia na mimi. Tulipomaliza nikamtia pingu, na yule mama akatufungia mkate wa njiani, wa wote wawili.

Basi usimchokoze mumeo. Nguo nyeusi ni nguo tu. Kijana akipewa kitu kipya hukichezea, kikishazeeka hukitupa. Mwache.

Nadine anakusalimu. Anachungulia begani kwangu sasa hivi.

Baba yako,
Emmett

*

Crane Lick
9 Novemba 2013

Baba Emmett,

Ulisema nimwache, nikamwacha. Sasa soma.

Jumatano kikosi kilitoka kwa mara ya kwanza. Walikwenda nyumba moja kule mtoni, ya familia ya Gentry. Wade alirudi mapema, akavua viatu nje, akavisugua kwa brashi mpaka maji yakawa meupe. Nikamuuliza, "Kulikuwaje?" Akasema, "Vizuri." Nikasema, "Vizuri vipi?" Akasema, "Hakuna aliyeumia." Akala, akambeba Ida, akalala.

Kesho yake niko jikoni shuleni nagawa chakula, akaja binti mdogo wa Gentry na trei yake. Sikumsemesha, yeye ndiye aliyesema. "Bi Corinne, wamempiga risasi Pepper." Pepper ni mbwa wao, Baba. Mbwa mzee ambaye mkia ndio uliobaki kufanya kazi. Alikuja kuwapokea.

Walichokikuta ni bangi ya kujaza kikombe cha chai.

Jioni nikamwekea Wade chakula, nikaketi mbele yake.

"Pepper nani alimpiga?"

"Siyo mimi."

"Sikuuliza kama ni wewe."

"Corinne, mbwa akikujia na huna muda wa kufikiri..."

"Mliita getini?"

"Hatuiti. Jaji ametupa kibali cha kuingia bila hodi. Ukiita wanamwaga kila kitu chooni."

"Bangi ya kikombe ingemwagika chooni, na mbwa angekuwa hai. Na mtoto asingelia kwenye trei yangu."

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekuja bila hodi. Akasema, "Wewe unaona mtoto na mbwa. Mimi lazima nione kitakachoniua." Hayo si maneno yake. Kayatoa Tennessee, nusu yake bado ina karatasi ya dukani.

Simkatai mume wangu. Ananiamkia mtoto alfajiri nikizidiwa, hilo naliandika pia ili nimtendee haki. Lakini nakuomba tena, na safari hii siombi kwa upole. Mwandikie.

Corinne

*

Crane Lick
22 Novemba 2013

Baba,

Nimeipata barua yako. Ukurasa mzima wa matusi na aya moja ya Biblia. Asante kwa vyote.

Ulifanya kazi nzuri. Watu wanakusifu mpaka leo, nimechoka kusikia. Lakini ulifanya kazi na walevi na wezi wa kuku. Siku hizi kuna vidonge vya kulevya, na wenye vidonge wana bunduki nyingi kuliko sisi. Mwaka jana kaunti jirani askari alibisha hodi kistaarabu kama wewe, akapigwa risasi kupitia mlangoni. Ana watoto. Nilibeba jeneza lake.

Hujui ilivyo kusimama mbele ya mlango baada ya hapo. Nikivaa zile nguo tumbo linatulia. Ndani ya lile gari siogopi kitu. Uniambie wewe mtu ambaye hakuwahi kuogopa: hilo ni kosa?

Halafu kuna jambo jingine ambalo raia halielewi. Gari lile halikutolewa likae kwenye banda. Lisipotumika mwaka wa kwanza wanalichukua, pamoja na bunduki. Sherifu amesema wazi kwamba lazima litoke. Kwa hiyo litatoka.

Na usimwandikie mke wangu mambo ya kumtisha. Halali vizuri.

Wade

*

Crane Lick
5 Desemba 2013

Baba Emmett,

Nakuandikia haraka, nimejifungia bafuni, maji yanatiririka ili adhani naoga.

Jana jioni nilimkuta Wade amekaa sakafuni na vibao vya kuchezea vya Ida. Ida amekaa pembeni anapiga makofi. Nikadhani anamjengea mnara. Nikainama kumbusu, nikaona si mnara. Ni nyumba. Kuna baraza inayozunguka pande zote, kuna bomba la jiko la kuni, kuna banda la tumbaku nyuma, na vibao vyekundu sita hivi vimepangwa foleni kuelekea mlango wa mbele.

Hapa kwetu nyumba yenye baraza ya kuzunguka ni moja. Nikasema, "Hiyo ni ya Mzee Oakley Sizemore."

Akavifagia vyote kwa mkono. "Nani amekuambia hiyo ni nyumba ya mtu?"

"Wade, mimi hupeleka chakula pale na akina mama wa kanisa. Mlango wa mbele haufunguki. Tangu mkewe, Bibi Verna, aanze kuumwa mapafu, kitanda chake kimewekwa pale pale nyuma ya mlango, kwa sababu ndipo kuna joto la jiko. Na mitungi yake ya oksijeni imesimama hapo kama chupa za maziwa. Nyinyi mnarusha nini mkiingia?"

Akaanza kuokota vibao.

"Yale mabomu ya kishindo mnayatupa wapi, Wade?"

Akasema, "Ndani." Kisha akasema, "Ni kwa ajili ya Travis, siyo wazee. Anauza vidonge kutoka darini." Travis ni mjukuu wao, utamkumbuka, yule mwenye nywele nyekundu. Nikamwambia basi amweleze Sherifu habari ya kitanda. Akasema alimweleza ya mlango, na Sherifu akasema picha za kutoka angani zinaonyesha mlango, na mpango umeshapitishwa na wakufunzi wa Tennessee.

"Na wewe uko wa ngapi kwenye foleni?"

"Wa kwanza," akasema. Alisema kama mtu aliyepewa zawadi.

Sasa sikiliza jinsi nilivyobanwa, Baba. Mzee Oakley hasikii sana, lakini bunduki yake ya mitutu miwili anaiona. Mtu akimwingilia bila kuita atapiga, na atakayekuwa mbele ni mume wangu. Nikimwonya Oakley, atamwambia Travis, na Travis ana marafiki, na wanaweza kukingoja kikosi gizani darini. Atakayekuwa mbele bado ni mume wangu. Nisipomwonya mtu, Bibi Verna atalipukiwa kitandani, na mume wangu ndiye atakayekuwa amelirusha bomu.

Siku sijui. Wade hasemi. Nijibu kwa posta ya haraka.

Corinne

*

Toledo
10 Desemba 2013

Binti yangu,

Barua yako imefika leo. Nimemlazimisha Nadine ampigie Sherifu simu, mimi nikiwa pembeni nampigia kelele maneno ya kusema. Sherifu alikuwa mkutanoni. Tumepiga tena, akawa mkutanoni. Burchett nilimfundisha mimi kufunga pingu, na leo yuko mkutanoni.

Nilikuambia nguo ni nguo. Nilisema hivyo ili ulale. Tangu barua yako ya kwanza mimi mwenyewe silali.

Sikiliza vizuri. Usimwambie Oakley. Usimwambie Travis. Na usiende huko. Nakukataza, na sijawahi kukukataza jambo. Nimekaa kazini miaka yangu yote na nakuambia, mtu mwenye hofu aliyevalishwa chuma haoni nyuso. Mwambie Wade maneno haya kutoka kwangu: aende peke yake, mchana, na sare ya kahawia, asimame getini aite, ataje jina langu. Oakley atamtoa Travis kwa sikio kama tulivyofanya na baba yake.

Nadine amekata tiketi ya basi ili nije. Daktari amekataa. Tumegombana wote watatu.

Kaa nyumbani na mtoto.

Emmett

*

Crane Lick
14 Desemba 2013

Baba Emmett,

Sote tu wazima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Katazo lako lilifika jana Ijumaa. Mambo yalikuwa yamekwisha Alhamisi. Nisamehe kwa kutokutii amri ambayo ilikuwa bado iko njiani.

Alhamisi niliingia kazini alfajiri kama kawaida, Ida nimemwacha kwa mama. Mpishi mkuu akasema, "Leo tupunguze sahani, basi la Pigeon halipandi. Wamesema barabara inatengenezwa." Nikasema, "Nani anatengeneza barabara kwenye barafu?" Pigeon ndilo bonde la Mzee Oakley. Nikavua aproni.

Nilifika getini kwa Oakley kabla yao. Nikazima gari, nikaita hodi mpaka koo likauma. Akatoka na mitutu yake. Nikasema, "Ni Corinne wa Wade! Weka hiyo ndani, Mzee, nimekuja kukaa na wewe."

"Saa hizi? Umemkimbia mume?"

"Bado. Leo kuna wageni wanakuja ambao hawataita."

"Wageni gani hao, hawana midomo?"

Akanitazama, akatazama darini. "Ni huyo mjinga wangu?"

"Ni huyo. Naomba usimwamshe. Na mitutu iweke chini ya kitanda cha Bibi Verna, mbali na mkono wako. Mimi nitakaa barazani. Nitawaitikia kabla hawajafika."

Mzee hakubishana. Aliniletea blanketi la viraka la Bibi Verna, nikajifunika mpaka shingoni, nikaketi kwenye bembea ya baraza. Baridi ilikuwa inauma mifupa. Bibi Verna akanisemesha kupitia mlango uliozibwa, sauti yake nyembamba kama uzi. "Corinne, ule mkate wa maboga ulitia karafuu?" Nikasema nilitia. Akasema, "Nyingi mno." Nikacheka, Baba. Nilikuwa natetemeka na nikacheka.

Lile gari lilibaki barabarani chini. Wao walipanda kwa miguu kupitia shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, weusi, hawasemi. Nikajaribu kuita, sauti ikakwama. Yule wa mbele akapanda ngazi ya kwanza na bunduki juu, imenielekea mimi. Ndipo sauti ikatoka. "Karibuni! Wenyewe tupo!" Nikauona mwendo wake, ule wa goti alilovunja kwenye mpira. Akasimama. Akashusha bunduki polepole mpaka ikatazama mbao.

Alinitambua, Baba. Ndani ya kofia ile na miwani ile, bado Wade alikuwemo, na alinitambua. Hilo ndilo nililokuwa naliomba tangu Oktoba.

Oakley akamwita Travis mara moja tu. "Shuka, usinitie aibu mbele ya mgonjwa." Akashuka na soksi, na kopo la kahawa lenye vidonge, akalikabidhi. Basi. Sherifu alinitukana hadi mate yakamtoka, akasema atanishtaki kwa kuzuia kazi ya polisi. Jioni akabadili nia. Nadhani hakutaka kueleza magazetini kwamba kikosi chake kilizuiwa na mpishi wa shule.

Wade hajaja nyumbani. Yuko kwenye kibanda cha kuwindia cha rafiki yake Dewey. Nimempigia simu nikalia, nikamshukuru kwa kunitambua, nikamwambia arudi. Akakata simu. Ana aibu, najua. Watu wa kanisani nimewaambia wote kilichotokea, ili wasimwone mnyama. Nitamfungulia mlango siku yoyote atakayokuja.

Leo nimelala mchana kama mtu mwenye pesa.

Mkweo,
Corinne

*

Kibandani kwa Dewey
16 Desemba 2013

Baba,

Najua ameshakuandikia. Najua na alichoandika.

Nakuandikia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu mmoja, na wewe huwezi kunipigia simu.

Niliona umbo barazani. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. Umbo limekaa, limejifunika, mikono iko chini ya kitambaa. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza mpaka ya mwisho: mkono usioonekana una kitu. Sikufikiri. Mwili ulifanya wenyewe.

Nilivuta, Baba.

Bunduki haikulia. Kizuizi cha usalama kilikuwa bado kimefungwa. Nilitakiwa kukifungua tukiwa shambani, vidole viliganda ndani ya glavu, nikapitiliza. Kosa la mwanafunzi. Nilikuwa nakitafuta kwa kidole gumba nikifungue, nivute tena, ndipo akaita. Sauti ilikuja baadaye, siyo kabla. Hata aliposema karibuni bado nilikuwa nakitafuta. Nilisimama kwa sababu sikuelewa mlengwa anakaribishaje.

Wenzangu hawakuona. Wanasema nilikuwa mtulivu. Sherifu amewaambia watu mimi ndiye niliyeokoa siku ile, na anataka nikiongoze kikosi kuanzia Januari. Nimesema nitafikiri.

Corinne amenipigia simu analia ananishukuru. Ananishukuru, Baba. Kanisa zima linaniombea heri.

Usimwambie. Nikimwambia mimi ataondoka na Ida. Nisipomwambia nitakaa naye mezani maisha yangu yote naye anamtazama mtu ambaye hakuwepo. Sijui kipi kibaya zaidi. Wewe unajua kila kitu, niambie.

Ichome hii.

Wade

*

Toledo
20 Desemba 2013

Binti yangu Corinne,

Nimeharibu karatasi nyingi kabla ya hii.

Ulifanya jambo ambalo mimi na Plymouth yangu tusingelifanya. Nimemwambia Nadine, naye analia jikoni, na unajua Nadine halii.

Sasa nakuomba kitu, na nitakuomba bila kukupa sababu. Usimfungulie Wade bado. Simkatai mwanangu. Nampenda leo kuliko siku aliyozaliwa, na Mungu anajua ananiumiza. Lakini kuna neno moja ambalo ni lake kulisema, siyo langu, na alipaswa alibebe mkononi anapofika mlangoni kwako. Nilimpa ahadi kwa kunyamaza, kwa hiyo nanyamaza. Wewe muulize. Muulize aliona nini barazani. Muulize Ida akiwa kwa mama yako. Akikujibu, utajua mwenyewe kama ni Wade uliyemtaka urudishiwe.

Asipojibu, mlango ubaki ulivyo.

Jambo la pili. Asikubali kukiongoza kikosi. Akikubali kabla hujamuuliza, chukua mtoto uje huku. Chumba changu kina kitanda kizuri, mimi nitalala kwenye kochi na kulalamika.

Baba yako,
Emmett

*

Crane Lick
24 Desemba 2013

Baba Emmett,

Barua yako imefika leo asubuhi. Wade amerudi tangu Jumapili.

Alikuja mchana. Alikula sahani mbili za maharage, akamwogesha Ida, akatengeneza ule mlango wa kabati ulionishinda mwaka mzima. Jana akaniambia amekubali kukiongoza kikosi. Alisema heri kiwe mikononi mwa mtu wa hapa, anayejua nani kalala nyuma ya mlango gani. Nikaona ana hoja. Nikamkumbatia.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye sinki. Hukuniambia kitu, Baba, lakini wewe si mtu wa kumzuia mkwe asimfungulie mwanao bila sababu. Nikaanza kukumbuka. Usiku wa Jumapili nilimwambia, "Ulinitambua kwa kitu gani, kwa nywele?" Akasema, "Eeh, kwa nywele." Blanketi lile nilikuwa nimejifunika hadi kichwani baridi ilipozidi. Nywele hazikuonekana hata moja. Nilisikia, nikaamua kutosikia. Nilikuwa nimechoka sana na nilikuwa na furaha.

Ida nimempeleka kwa mama sasa hivi. Mfuko wa nguo zake uko kwenye gari, na wangu pia, kwa sababu mimi huwa sipendi kurudi kutafuta vitu. Nimepita kwa jirani, naye atapita dirishani kuichukua barua hii aitie posta.

Wade bado amelala. Bunduki yake nimeiondoa kabatini, iko kwa Mchungaji. Kahawa nimeiweka mezani, na mimi nimeketi upande wa mlango. Sasa namsikia anaguna, anatafuta soksi. Nitamuuliza ulichosema nimuulize, na sitaondoa macho usoni pake mpaka ajibu.

Corinne